Barua ya wazi kwa viongozi wa Kigoma-Ujiji: picha ya mwanangu bado inazunguka

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, waheshimiwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa mitaa yetu.

YAH: MAGRUPU YA MITAA NA WATU WANAOUMIZWA HUMO

Waheshimiwa,

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, katika mtaa mmoja wa manispaa hii, tangu mwaka 1994, na watoto wengi wanaopita mbele yangu na sare za shule nimewahi kuwapima kiuno. Naandika kuhusu picha ya mwanangu iliyotupiwa kwenye grupu la simu la mtaa wetu. Nimekaa wiki tatu bila kushika kalamu, nisije nikaandika kwa hasira. Uchungu upo, siufichi.

Mwanangu, mtoto wa marehemu dada yangu niliyemlea tangu ana miaka minne, ni dereva wa bodaboda. Siku moja, yapata saa mbili usiku, mteja alimtuma apeleke mtungi wa gesi kwenye nyumba moja mtaani kwetu. Alifika, akapiga honi, akashuka, akasimama getini ameukumbatia mtungi akingoja kufunguliwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu dirishani, ana simu mkononi. Wiki ile mitungi miwili ilikuwa imeibwa hapa hapa mtaani, kwa hiyo watu walikuwa macho. Yule mtu akapiga picha, akaitupia kwenye grupu la mtaa na maneno haya: "Huyu ndiye anayetumalizia mitungi. Mkimwona msimwache."

Geti lilifunguliwa, mwenyeji akapokea mtungi wake, akalipa, mwanangu akawasha pikipiki akaondoka. Hayo hayakupigwa picha.

Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ni ya giza. Uso hauonekani. Kinachoonekana ni rifleka yake, kile kizibao cha kung'aa cha bodaboda, ya rangi ya chungwa, na mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, kiraka cha kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Kiraka hicho nilikishona mimi. Rifleka ilichanika kwenye bati, akaniletea, sikuwa na kitambaa cha chungwa siku hiyo, nikachukua kipande kilichobaki kwenye gauni la mteja. Nilikipiga mishono miwili kuzunguka ili kisifumuke.

Kesho yake asubuhi, karibu na soko la Mwanga, vijana wa kijiwe kingine wasiomjua kwa jina wala kwa sura walikitambua kiraka. Mmoja alikuwa ameshika simu anailinganisha picha na mgongo wake. Walikuwa sita, kisha wakawa wengi. Aliyemwokoa ni mama muuza samaki aina ya migebuka anayemfahamu tangu mdogo, aliyejipenyeza katikati yao na beseni lake kichwani akapiga ukunga hadi watu wazima wakafika. Mwanangu alitoka hapo amepoteza jino moja, na sikio lake la kushoto mpaka leo halisikii vizuri. Wiki iliyofuata mwenye pikipiki akaichukua pikipiki yake. Hakumshutumu kwa lolote. Alisema tu kwamba abiria wanauliza.

Nilikwenda ofisi ya mtaa. Nilipokewa kwa heshima, nikapewa kiti, nikaambiwa pole. Halafu nikaambiwa kwamba lile grupu ni la wananchi, si la ofisi, kwa hiyo ofisi haiwezi kujibu yanayoandikwa humo.

Waheshimiwa, hapo ndipo penye shauri langu lote. Grupu lile lilifunguliwa na uongozi wa mtaa. Maadmini wake ni viongozi wa mtaa. Tangazo la usafi wa mazingira linakuja humo. Tarehe za chanjo, mchango wa ulinzi, wito wa mkutano, jina la asiyelipa hela ya taka, yote humo. Mtu akisema hakupata taarifa anajibiwa, "Tuliweka kwenye grupu." Likitangaza, ni la serikali. Likimjeruhi mtu, ni la wananchi. Naomba mtuambie ni la nani, na mkishatuambia, mwenye nalo alibebe na mazuri yake na mabaya yake.

Sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani naomba magrupu yafungwe. Mwaka jana mtoto wa miaka mitano alipotea sokoni, na ndani ya saa moja alikuwa amepatikana kwa sababu ya grupu hilo hilo. Tumezikana kwa grupu hilo, tumechangiana. Na sisi wanawake wa mji huu tuna sababu ya pekee ya kutotaka kunyamazishwa. Mwaka 2019 nchi nzima ilisikia habari za "teleza", wanaume waliojipaka mafuta na kuvamia usiku nyumba za wanawake wanaoishi bila mume, wakawabaka. Wanawake wa hapa walikuwa wakilijua jambo hilo muda mrefu kabla halijafika kwenye magazeti. Lilikuwa linanong'onwa kisimani, na aliyelisema kwa sauti alionekana anajiaibisha. Taarifa za jirani kwa jirani, zikisikilizwa na wenye mamlaka, zinaokoa. Kwa hiyo nataka watu waseme. Ila kusema "usiku wa jana kuna mtu amejaribu kuvunja dirisha langu, fungeni milango" ni jambo moja, na kubandika mgongo wa mtoto wa mtu mbele ya watu mia mbili na hamsini ni jambo jingine.

Tena hawabaki mia mbili na hamsini. Zamani habari ya mtaa ilikuwa na mipaka yake. Mtu akisema "pale kwa mzee wa mwembe mkubwa", asiyeishi kwetu haelewi, na anayeishi kwetu anamjua mzee huyo, anamjua na mwanawe, ataliweka neno kwenye mizani kabla ya kulimeza. Aliyeleta uongo tulijua anakoishi, tulijua na ugomvi wake na anayemsema. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nyumba zetu zikawekewa namba na mitaa ikapata vibao vya majina. Ni jambo jema, hata gari la wagonjwa linafika kwa urahisi. Lakini sasa mtu akiandika jina la barabara na namba ya nyumba, aliye Kasulu, Tabora au Dar es Salaam anaipata nyumba ile kwenye ramani ya simu bila kumjua hata mtu mmoja anayelala ndani yake. Picha ya mwanangu ilitoka mtaani kwetu saa mbili usiku, na kabla ya saa nne binamu yangu aliye Uvinza alikuwa amenitumia akiniuliza kama hiki si kile kitenge changu.

Binti yangu, aliyesomea mipango miji, ndiye aliyeniambia kwamba wenzetu wa mbali walishapita njia hii. Huko Marekani upo mtandao unaoitwa Nextdoor, ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya majirani tu: kutafuta fundi bomba, kuuliza paka aliyepotea. Katika mji wa Oakland, jimbo la California, watu wakaanza kuandika humo kwamba wameona "mtu wa kushuku", na ukisoma huyo mtu amefanya nini, hakuna. Ni mtu mweusi aliyekuwa akitembea barabarani. Wakazi wakalalamika kwa nguvu, na mwaka 2016 wenye mtandao wakabadilisha fomu ya kutoa taarifa za uhalifu. Ukitaka kuandika kuhusu mtu wa kushuku unaulizwa kwanza alikuwa anafanya nini. Ukitaja rangi yake peke yake, fomu inakudai mambo mengine: nguo, viatu, nywele. Ukishindwa, ujumbe hauendi.

Nilipoyasikia hayo nilifikiria sisi. Kwetu rangi ni moja, lakini tunalo neno letu. Someni jumbe za magrupu yetu: "Kuna Warundi wamepanga ile nyumba ya kona." "Kijana mwenye lafudhi ya Kikongo ameonekana anazunguka." Amefanya nini? Amezunguka. Huu ni mji wa kando ya Ziwa Tanganyika. Mababu wa nusu ya Ujiji walitoka Manyema, upande wa pili wa maji, kabla mpaka wowote haujachorwa. Mtu wa Kigoma anajua adha ya kuulizwa uraia wake mara mbili na mara tatu anapofuatilia kitambulisho, huku aliyezaliwa katikati ya nchi anaulizwa mara moja. Halafu sisi kwa sisi tunaligeuza swali lile lile kuwa shutuma, tunalirusha usiku, na asubuhi mwenye nyumba anampa mpangaji siku saba ahame. Nimeliona hilo kwa macho yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama yule alikuwa mteja wangu. Aliacha nguo mbili za watoto ambazo hazijapigwa pindo, nazo bado ninazo.

Mtaa nao unapewa jina kama anavyopewa mtu. Hapa nitasema habari ya kipindupindu, maana tumekiona. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, ugonjwa ule ulipita kama moto, na kwa wiki chache wagonjwa walizidi 3,000. Wengine waliletwa Kigoma mjini kwa meli ya Liemba. Tangu wakati ule neno hilo likitajwa mji unashtuka, na ni haki yake kushtuka. Sasa msimu mmoja wa mvua ikasambaa voisi ya sekunde kama arobaini, mwanamke anasema yuko hospitali, kipindupindu kimeingia mtaa fulani, msinunue chakula chochote kinachotoka huko. Wifi yangu anakaanga vitumbua katika mtaa huo. Alikuwa anamaliza debe la unga kwa siku tatu. Wiki ile alikaanga akawapa majirani bure ili visichachuke, siku ya nne akazima jiko. Kwenye kikoba chake, kikundi cha kuweka akiba, alishindwa kulipa hisa mara mbili. Kanusho lilipotoka, lilikuwa barua ya kurasa mbili yenye mhuri na kumbukumbu namba, iliyopigwa skani ikapinda. Nani anafungua kurasa mbili? Wengi hata bando la kuifungua hawakuwa nalo. Sauti ile ya mwanamke ilikuwa imeshakaa masikioni mwa watu. Hadi leo wapo wateja wanaomuuliza anatoka mtaa gani kabla ya kutoa hela.

Jina la mtaa likiharibika, huliponyi kwa mwaka mmoja. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji kwa rangi nne, na maeneo ya hatari kwa mikopo yakapakwa nyekundu. Mengi yalikuwa makazi ya watu weusi. Benki zikafunga milango, nyumba zikachakaa, na alama ya rangi ile inaonekana katika baadhi ya miji hiyo mpaka leo. Hiyo ilikuwa karatasi ndani ya kabati; ya kwetu iko kwenye simu ya kila mtu. Mimi mwenyewe nimekaa mbele ya afisa mikopo mmoja, nikataja mtaa wangu, akainua uso akanitazama, akauliza, "Ni kule kwenye wizi wa mitungi?" Mkopo sikuupata. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Lakini swali lile lilikuwa halimo kwenye fomu yake.

Nimeambiwa pia habari ya Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 2011 polisi wa England na Wales walifungua ramani ya uhalifu mtandaoni, kila mtu aone matukio ya karibu na kwake. Wenye nyumba wakaingiwa na hofu ya nyumba kushuka bei, na si wote waliofurahi. Lakini lipo jambo moja walilolifanya ambalo nataka mlitazame: nukta ya tukio haiwekwi juu ya nyumba yenyewe. Inasogezwa kwenye sehemu ya barabara iliyo jirani, ili aliyeibiwa au aliyebakwa asitambulike. Kuna mtu alikaa mezani akafikiria hilo kabla ya kubonyeza kitufe. Hicho tu ndicho ninachokiomba kwenu: mtu mmoja akae mezani afikirie.

Upo upande mwingine ambao mimi nausikia zaidi kwa sababu ya mama yangu. Ana miaka themanini na mmoja, ana simu ya kiswaswadu, si simu janja, na hakuna ujumbe wowote wa mtaa unaomfikia. Jirani yetu mmoja ni mlemavu wa miguu, hana simu kabisa. Tangazo la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya manispaa, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, liliwekwa kwenye grupu Jumatatu, na siku ya mwisho ya kuandikisha vikundi ilikuwa Ijumaa. Jirani alisikia Jumapili, kanisani. Fedha zile zimetengwa kwa ajili yake kwa sheria, na tangazo lake likawekwa mahali asipoweza kufika. Ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa upo. Nilipopita mara ya mwisho ulikuwa na karatasi moja iliyofifia na bango la uchaguzi wa Novemba 2024.

Msiniambie hakuna sheria. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na mwanangu hata kushtakiwa hakushtakiwa. Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kufanya kazi Mei 1, 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume yake Aprili 2024. Inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo za kweli zirekebishwe. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hiyo ndiyo watu wanaifahamu, kwa sababu inafunga. Mimi sitaki kumfunga jirani yangu. Yule wa dirishani namjua, na alikuja kwangu akalia. Aliogopa kwa ajili ya mtungi wake, akatenda alivyoona wengine wanatenda. Nikimpeleka jela, sikio la mwanangu halifunguki, na picha haifutiki.

Ninachowaomba ni kazi ya ofisini kabisa. Manispaa iandike kanuni fupi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa kila grupu ambalo kiongozi wa mtaa ni admini wake. Picha ya anayeshukiwa isipandishwe. Ipelekwe kwa polisi kata, na admini aifute mara anapoiona, hata kama ni usiku wa manane. Anayetoa taarifa aseme kilichotendwa, saa ngapi, wapi, na aache kabila, lafudhi na uraia. Namba ya nyumba ya aliyeathirika isitajwe. Uongo ukibainika, usahihishwe kwenye grupu lile lile, kwa sauti ya mwenyekiti mwenyewe, kwa sekunde arobaini kama ulivyokuja, wala si kwa barua ya kurasa mbili. Na kila tangazo la ofisi libandikwe ubaoni siku ile ile, lisomwe na msikitini na kanisani, ili asiye na simu janja ahesabiwe kuwa mkazi.

Kwako Kamanda wa Polisi nina neno la ziada. Vijana waliompiga mwanangu walidhani wanakusaidia. Naomba askari wa kata waje kwenye mikutano yetu ya mitaa, waseme mbele za watu kwamba "msimwache" ni agizo la kujeruhi, na kwamba anayeliandika ana sehemu yake katika damu inayomwagika. Mtu akilisikia kwenu atalishika. Sisi akina mama tukilisema tunaambiwa tunatetea wezi.

Wiki iliyopita picha ile imerudi. Safari hii haina mtungi: mtu ameikata, umebaki mgongo na kiraka, na maneno mapya yanasema ni mteka watoto, ameonekana Gungu. Nilikuwa nimeshakifumua kile kiraka siku nyingi. Mwanangu sasa anabeba mizigo Kibirizi, havai tena rifleka, na akitoka asubuhi ananiuliza kama nguo aliyovaa ina alama yoyote.

Nawaomba mnijibu. Jibu lenu msiliweke kwenye grupu. Libandikwe ofisi ya mtaa, kwa karatasi, kwa maandishi makubwa. Mama yangu amesema nimpeleke, nimsomee.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Fundi cherehani, mama wa kijana wa kwenye picha
Manispaa ya Kigoma-Ujiji